Nyenzo za Kufundishia Ziwe Wakfu wa Walimu

Katika kazi zote ambazo hazina ya nchi yetu huzilipia mshahara, ni chache zinazotendwa kwa upweke kama ualimu, na ajabu yake ni kwamba upweke huu hukaa ndani ya jengo lililojaa watu. Mwalimu wa Hisabati wa shule moja ya msingi huketi usiku kuandika andalio la somo la sehemu. Mwenziwe wa shule ya jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu, huketi usiku uo huo kuandika andalio la somo lilo hilo, kwa muhtasari mmoja, kutoka kitabu kimoja cha Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa watoto wa umri mmoja. Na kulipokucha kila mmoja huingia darasani kukabili makosa ya wanafunzi ambayo mwenziwe aliyakabili mwaka jana na hakumhadithia mtu. Nadai katika makala haya kwamba nyenzo za kufundishia, kuanzia azimio la kazi hadi chati ya ukutani, hazina budi kuundwa na walimu kwa pamoja na kutumiwa nao kwa shirika; na nadai zaidi ya hapo, kwamba kitu chenye thamani kubwa ya kushirikiwa si andalio lenyewe, bali ni habari ya yale yaliyotukia andalio hilo lilipofundishwa.

Anayetaka ithibati ya upweke huo na afungue azimio la kazi la mwalimu yeyote, apeleke jicho mwisho wa jedwali, upande wa kulia, penye nafasi ya maoni. Katika kazi yangu ya kuwafunza walimu nimepitia maazimio mengi, na aghalabu nimeikuta nafasi hiyo imejazwa sentensi moja iliyorudiwa wiki hadi wiki, kwamba mada imefundishwa na wanafunzi walio wengi wameielewa. Simlaumu aliyeiandika. Ajua kwamba mwalimu mkuu atatia sahihi, kwamba mthibiti ubora wa shule atapitisha jicho ahakikishe hakuna kisanduku kilichobaki kitupu, na kwamba mwalimu atakayefundisha mada hiyo mwakani hataletewa karatasi ile aisome. Akiandika kweli, kuwa nusu ya darasa walitoka wakiamini jambo potofu, atajitafutia maswali pasi na kumfaa mtu. Basi nafasi ndogo ambayo ingekuwa hazina ya taaluma nzima imegeuka kuwa mahali pa kutimizia adabu ya ofisi, na maarifa ya mwalimu aliyefundisha mada moja maisha yake yote hustaafu pamoja naye.

Kwa nini kuunda somo kwa pamoja huzaa somo bora kuliko lile la mtu mmoja, hata akiwa hodari? Sababu ya kwanza imo katika maumbile ya ujuzi. Mtu aliyekwisha kulijua jambo husahau njia aliyopita hata akalijua. Vidato vyote vya ngazi humwia kidato kimoja, na aandikapo andalio peke yake hulisoma kwa macho ya mjuzi, akaona limetimia, ilhali limeruka mahali ambapo mtoto hana pa kuweka mguu. Aketipo na wenziwe hulazimika kueleza kwa nini ameanza na mfano huu badala ya ule, na mara nyingi katika kueleza ndipo atanabahipo kwamba hakuwa na sababu. Sababu ya pili ni kwamba makosa ya wanafunzi si bahari isiyo na ufuo. Katika mada moja makosa makubwa huwa machache, nayo hujirudia shule hata shule. Kila mwalimu ameyaona baadhi, na wakikusanyika watano wataweza kuyaandika karibu yote kabla ya somo kufundishwa, pamoja na jibu la kumpa mtoto kwa kila kosa. Sababu ya tatu, ambayo naiona kuwa kuu na isiyotajwa, ni hesabu ya majaribio. Mwalimu mwenye mkondo mmoja hufundisha mada fulani mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hupata jaribio moja kwa mwaka, na mpaka mwaka ujao amekwisha kusahau lililoharibika. Walimu watano wakiliunda somo moja na kulifundisha kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akilirekebisha kwa aliyoyaona kwa mwenziwe, hupata katika muhula mmoja majaribio ambayo mtu mmoja angeyangojea miaka mitano.

Nichukue mfano wa karibu, niliouona ukifanyiwa kazi na walimu wa kata moja ya pwani. Somo lilikuwa kulinganisha sehemu: ipi kubwa, robo au thumuni. Mwalimu wa kwanza alikuwa amezoea kuchora duara mbili ubaoni kwa chaki, moja ameigawa mara nne na ya pili mara nane, na kutia rangi kipande kimoja katika kila moja. Mwenziwe akamwuliza kama duara zile huwa sawa. Zikachorwa pale pale, na kwa kuwa mkono wa mtu si bikari, duara ya thumuni ikatokea pana kuliko ya robo, hata mtoto angekuwa na haki ya kusema kwamba vipande vyakaribiana. Wakakubaliana kuacha duara na kutumia tepe za karatasi zenye urefu mmoja, zilizokatwa katika karatasi za mitihani iliyopita, tepe moja kwa kila mtoto, ikunjwe mara mbili ipatikane robo na mara ya tatu ipatikane thumuni. Kisha wakaandika majibu waliyoyatarajia: wako watakaosema thumuni ni kubwa kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne, na wako watakaosema zote sawa kwa kuwa juu ya kila mstari pana moja. Mbele ya kila jibu wakaandika kwamba mwalimu asisahihishe, bali amwambie mtoto akunje tepe yake, aiweke juu ya ya mwenziwe, atazame mwenyewe.

Somo lilipofundishwa likazaa mushkili ambao hakuna aliyeutabiri. Mwalimu alikuwa ameongeza swali la thuluthi, na kukunja karatasi mara tatu sawasawa si kazi ya kidole cha mtoto. Vipande vikatoka vya urefu mbalimbali, na baadhi ya watoto wakahitimisha kwamba thuluthi ziko kubwa na ndogo. Katika utaratibu wa zamani mwalimu angaliandika kwamba mada imeeleweka. Safari hii aliandika kwamba thuluthi zisiingizwe siku hiyo, au tepe zake ziletwe zimepigwa mistari, na akaeleza sababu. Mwalimu wa shule ya pili alilifundisha somo lilo hilo bila thuluthi, na kipindi chake cha dakika 40 kikatosha. Sentensi ile ya maoni ilikuwa na faida kuliko kurasa zote za andalio, maana andalio mwalimu yeyote mwenye kitabu angeweza kulitunga, lakini habari ya thuluthi isingepatikana ila kwa kufundisha na kushindwa mbele ya macho ya mwenzake.

Jambo hili si geni duniani. Wajapani wamelifanya tangu karne ya 19, wakiketi walimu kutunga somo moja, mmoja akalifundisha wengine wakimwangalia, hasa wakiwaangalia wanafunzi, kisha wakalijadili na kuliandika upya. Na mataifa mengine yakalizindukia kwa wingi baada ya Wamarekani wawili, Stigler na Hiebert, kulieleza katika kitabu chao cha mwaka 1999. Kwa jirani zetu wa Kenya mradi wa SMASSE ulianza mwaka 1998 katika wilaya 9 kwa msaada wa Wajapani, ukiwahusu walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari, ukisisitiza somo lenye vitendo, majaribio na vifaa vya kubuni kwa vitu vilivyopo, na mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Sisi wenyewe tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yenye Jumuiya za Kujifunza shuleni na katika kata. Mpango upo basi, na jina lipo. Tulichopungukiwa ni kazi yenyewe ya kutunga. Nimehudhuria vikao vya jumuiya hizi ambavyo walimu walisomewa moduli, wakajibu maswali yake, wakatia sahihi katika daftari la mahudhurio na kutawanyika, pasi na kutoka hapo na somo moja la kufundisha kesho. Kusoma moduli si haramu, bali mwalimu mzima hujifunza zaidi kwa kutengeneza kitu anachokihitaji.

Wako wanaoniambia kwamba ushirika huu tayari umeenea, kwa kuwa simu za walimu zimejaa makundi ya WhatsApp ambamo maazimio na maandalio hupita usiku na mchana, na kwamba karibu na shule nyingi kuna duka lenye mashine ya kudurufu na rundo la notisi za kuuzwa. Hapa pana kosa kubwa la kufahamu. Kinachopita humo ni karatasi iliyokwisha, isiyo na jina la mtungaji wala habari ya ilikofundishwa, na anayeipokea hubadilisha tarehe, jina la shule na idadi ya wavulana na wasichana waliohudhuria, kisha akaipeleka kutiwa sahihi. Karatasi ya namna hiyo yaweza kusafiri kutoka Mtwara hadi Kagera na kosa moja ndani yake, ikapita mikono elfu, na kosa likabaki kama lilivyozaliwa, kwa sababu hakuna mmoja katika hao elfu aliyeitwa kulisahihisha. Simu ni chombo chema cha kupelekea. Haiundi somo, wala haifanyi mtu amwambie mwenziwe kwamba duara zake si sawa.

Kutokana na kosa hilo huzaliwa la pili, nalo ni hofu ya wakuu wa shule kwamba kushirikiana ni kunakili na kunakili ni uvivu. Hofu hii yaeleweka, walakini imekosea mlengwa. Unakili hustawi penye sharti la kila mwalimu kuandika kila kitu peke yake kila siku, kwani sharti lisilotekelezeka huzaa hila. Mwalimu mwenye vipindi 25 au 30 kwa wiki hawezi kuunda masomo 30 kwa fikra safi, hivyo huunda machache na kunakili yaliyobaki. Angeruhusiwa kutumia somo lililoundwa na jamaa yake ya walimu, na badala ya kulinakili akatakiwa aandike mistari mitano ya kweli juu ya lilivyokwenda, jasho lake lingemwagika mahali penye faida.

Na wako, hasa walimu mahiri, wanaodhani kwamba somo la pamoja litawanyang'anya uhuru wao, kila darasa nchini lisikie maneno mamoja kwa saa moja kama taarifa ya habari. Nawajibu kwa kisa cha TESSA, ushirika ulioanzishwa mwaka 2005 kati ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Egerton cha Kenya, ili kuwatungia walimu wa shule za msingi vitengo vya mafunzo. Watungaji waliandika msingi mmoja, kisha wenyeji wa kila nchi wakaukarabati kwa mifano, visa na hali za kwao, na ukatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, kwa ruhusa inayomwachia mwalimu aubadilishe tena. Kilichoshirikiwa hapo kilikuwa mwanzo mzuri wa kazi, si amri. Tepe ya karatasi ya kata ile ya pwani yaweza kuwa ukili wa mkindu kwingine, na mwalimu atakayefanya hivyo na kuandika lililotokea ameongeza, hakuasi.

Hoja iliyobaki ni ya wale wasemao kwamba kitabu cha kiada chatosha, na kwamba Taasisi ya Elimu inayo Maktaba Mtandao ambamo kitabu hicho husomwa na kila mtu. Nakiheshimu kitabu cha kiada kwa taadhima yote. Lakini kitabu huandikwa mara moja kwa nchi nzima, nacho hakijui kama darasa lako lina watoto 45 au 130, wala kama maabara yako ina maji. Hususan sasa, tangu Januari 2024 mitaala iliyoboreshwa ilipoanza kutumika kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, walimu wa nchi nzima wamepewa mada na vitendo ambavyo wengi hawakupata kuvifundisha kabla yake. Hakuna wakati ulio bora wa kuketi pamoja kuliko huu ambao kila mtu ni mwanafunzi, hata mwenye miaka 30 ya chaki.

Sasa nifike penye suala ambalo wataalamu wetu hulipita haraka, nalo ni la nani ni mwenye mali. Mwalimu aliyetunga somo jema hulificha kwa sababu mbili: huogopa kwamba jina lake litafutwa, na huogopa kwamba kazi yake itauzwa na mwingine dukani. Ulimwengu wa leo umeyajibu haya kwa leseni za Creative Commons zilizotoka mwaka 2002, na UNESCO ikapitisha mwaka 2019 Pendekezo lake juu ya nyenzo huria za elimu. Lakini sisi wa pwani tulikuwa na jibu kabla ya hayo. Katika vyuo vya ilimu vya Lamu, kama kile cha Msikiti wa Riyadha alichokifungua Habib Swaleh, vitabu viliwekwa wakfu, na hati za msikiti huo zilizopigwa picha kwa ajili ya Maktaba ya Uingereza zimehifadhi ushahidi wake. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakitolewi hiba wala hakirithiwi. Aliyekiweka hutajwa kwa jina na kuombewa kheri. Na anayekitumia hana deni ila kukitumia kwa kusudio lake.

Wala vitabu havikuhifadhiwa tu. Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu cha fiqhi walichokitegemea makadhi wa pwani hii wa madhehebu ya Shafii, haikuachwa kama ilivyotoka mkononi mwa mtungaji: Ibn Hajar aliiandikia sherehe yake, Tuhfa, na wengine wakaiandikia Tuhfa hashia za pembeni, kila mwalimu akitatua pale ambapo wanafunzi wake walikwama, akitia jina lake na kuliacha jina la aliyemtangulia mahali pake. Hiyo ndiyo nafasi ya maoni ilivyostahili kuwa. Nyenzo ya mwalimu wa Biolojia wa Singida ikipewa sharti hilo, kwamba watumiaji wasiiuze, wasilifute jina lake, na waandike pembeni waliyoyaona, haitakuwa na sababu ya kufichwa, na miaka kumi baadaye itakuwa imebeba hashia za watu ambao hawakupata kuonana.

Kuhusu tiba, neno langu la kwanza ni wakati. Ushirika unaofanywa saa kumi jioni, mwalimu amechoka na shamba lamngoja, hufa katika muhula wa pili. Ni lazima uwekwe ndani ya ratiba ya shule, walau vipindi viwili mfululizo kila baada ya wiki mbili, na mwalimu mkuu auheshimu kama aheshimuvyo mtihani. Katika sekondari za kata ambako mwalimu wa Fizikia ni mmoja tu, jamaa yake haimo shuleni, imo katika shule za jirani, na halmashauri iwalipie nauli, kwani nauli hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya semina moja ya hotelini. Vituo vya Walimu vilivyojengwa kwa kazi hii, ambavyo vingi nimevikuta vimegeuzwa ghala au ofisi, virudishiwe meza na kabati. Kabati lenye majalada kwa kila mada ni maktaba tosha, hata pasipo umeme.

La pili ni ukaguzi. Wathibiti ubora wakiendelea kuhesabu maandalio, walimu wataendelea kutengeneza hesabu. Wakianza kuyasoma maoni, wakamwuliza mwalimu ni wapi watoto walikwama na amemwambia nani, sura ya kazi itabadilika katika mwaka mmoja. Na katika kupandisha vyeo jina la mwalimu lililo juu ya somo linalotumiwa na shule kumi lihesabiwe kuwa utumishi, sawa na cheti cha semina. Katika sekondari naongeza shauri moja: somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini walimu na walijadili kwa Kiswahili, kwa maana nimeona mjadala ukifa kwa sababu watu waliona haya kukosoana kwa lugha ambayo kila mmoja aliogopa kukosea sarufi yake.

Na isianzwe kwa makuu. Nimeona kata ikitangaza kwamba itaunda maandalio ya masomo yote ya mwaka kwa pamoja, kisha wakagawana mada, kila mtu akaenda kuandika zake peke yake nyumbani, wakabana vipande wakaviita kazi ya jamaa. Hata Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1971 na kuzitunga kozi zake kwa jopo la walimu wanaosomeana rasimu na kuzikosoa kabla ya kuchapwa, kilijua kwamba kazi hii ni ya polepole na ya gharama. Shule ya msingi ya Tanzania haina jopo wala fedha hizo, kwa hiyo ichague kidogo: ile mada moja ambayo kila mwaka, kwa ushahidi wa mitihani, watoto huifeli.

Maafisa Elimu Kata na walimu wakuu, ombi langu kwenu ni hili. Muhula ujao uitisheni mkutano wa walimu wa somo moja, chagueni mada moja, litungeni somo lake kwa pamoja, lifundisheni kwa zamu mkiangaliana, na maoni ya kweli ya kila aliyefundisha yaandikwe kwa jina lake na kuwekwa kituoni, mahali ambapo mwalimu mgeni atakayeripoti Januari ataonyeshwa siku yake ya kwanza kazini.